Chapa ya Pipa la Supa

Kanamkemer, Lodwar
12 Februari 1996

Mjomba Ekuru,

Kabla sijakusalimu nataka kusema jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata Nyanya, maana nikianza na salamu najua nitafika mwisho wa karatasi bila kulisema. Nimetia petroli ya regula kwenye gari lililotakiwa kutiwa supa. Ni gari la mbio. Limeshaondoka.

Sasa nakusalimu. Ejok, Mjomba. Sisi wazima. Mguu wa Mama umepona na ameanza tena kusuka vikapu. Nyanya anasema mwanawe wa Kakuma amemsahau, halafu anasema nisikuandikie hivyo, halafu anasema nikuandikie. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Matokeo ya kidato cha nne hayajatoka, na kila redio ikifunguliwa nakimbia kusikiliza.

Unajua kwamba tangu Januari nafanya kazi kwa Mama Abei, pale anapouza mafuta karibu na daraja. Tangi lake la chini ya ardhi lilipoanza kuvuja, petroli akaihamishia kwenye mapipa, chini ya kibanda cha makuti ya mkoma, na tunaitoa kwa bomba la kuzungusha kwa mkono. Wanaoyapakua mapipa hawasomi, kwa hiyo hakuna maandishi. Mapipa yamepigwa chapa kwa rangi nyeupe, kama tunavyowapiga ng'ombe kwa moto. Siku yangu ya kwanza Mama Abei aliniambia, "Lenye chapa yangu ni supa. Lile jingine regula. Ukichanganya umeniua." Akaingia dukani. Mimi unanijua. Nilitaka kumuuliza chapa yake ni ipi, swali likafika kwenye meno likarudi.

Na kweli sikuona haja kubwa. Chapa moja ni duara lenye mkia. Ndiyo iliyochongwa kwenye kigoda cha marehemu Nangiro, mume wake, ambacho bado kipo dukani na hakuna anayekikalia. Nyingine ni mistari miwili iliyopinda, hiyo sikuijua. Mwanamke akiolewa huacha chapa ya baba yake akashika ya mumewe, hilo hata mtoto mdogo analijua. Nikasema moyoni, basi duara ndiyo supa. Mwezi mzima haikuwa na madhara, maana petroli aliitoa mwenyewe. Mimi nilikuwa wa dizeli na mafuta ya taa.

Juzi Jumamosi alienda mazishini akaniachia bomba. Gari likaja. Mjomba, ni jekundu, lina milango miwili, na limekaa chini mpaka watoto wakauliza kama limewahi kukaliwa na lori. Mwenyewe ni Kapteni Jal, rubani wa ndege za chakula kule Lokichoggio, Msudani aliyekulia Nairobi. Alifungua kifuniko cha tangi akanionyesha kibandiko. "Dada, soma hapa. Supa peke yake. Ndege yangu nikiipa mafuta yasiyo yake inaanguka. Hili halianguki, lakini linaumia." Nikasema ndiyo. Nikazungusha bomba kwenye duara mpaka tangi likajaa.

Jioni Mama Abei alirudi akaniambia, "Padri anataka regula ya pikipiki. Itoe kwenye duara la marehemu." Ndipo nilipojua nimemtilia Kapteni nini. Nikaitoa.

Gari lile litakufa? Lilikuwa linakuja upande wenu. Na tena, kwa nini chapa ya Mama Abei si ya mumewe? Nijibu yote mawili. Tafadhali, barua hii usimwonyeshe mtu.

Mpwa wako,
Akeno


Kakuma
13 Februari 1996

Mpwa wangu Akeno,

Ejok, binti wa dada yangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na Mama yako na Nyanya. Mwambie Nyanya sijamsahau. Ni shati tu nililomwahidi ndilo limenisahau mimi. Huku vumbi ni lile lile. Malori ya shirika la wakimbizi yanaharibika kwa zamu, likitoka hili linaingia lile, kwa hiyo hatukosi kazi. Nimepata msaidizi mpya kambini, anaitwa Didace, ametoka Burundi. Kule kwao alikuwa akitengeneza magari ya mashindano. Anasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua, na akimaliza hukutukana.

Nakuandikia nikuchekeshe. Jumamosi tukiwa tunakunywa chai tulisikia kitu kinakuja barabarani kinalia kama kokoto ndani ya kopo. Didace akaweka kikombe chini. "Ekuru, iyi motere, iyi injini, inalia. Inaomba musaada." Likaingia gari jekundu la mbio, na rubani ndani yake uso umemshuka. Kila akikanyaga, injini inagonga. Didace akanusa tangi, akasema, "Regula. Mtu amepatia farasi chakula ya punda."

Tulitafuta supa Kakuma yote hatukupata. Nikalegeza distributa, ile inayogawa cheche za injini, nikairudisha nyuma kidogo, cheche ichelewe, injini isipigwe kabla ya wakati wake. Likaacha kugonga, lakini nguvu zikapungua. Likaondoka kwenda Loki kwa heshima, kama mzee aliyekula sana.

Kapteni anasema alinunua kwa Mama Abei. Sikuamini, kwa maana Abei namfahamu. Basi wewe uliye hapo ndani, nichunguzie: nani aliyetia? Mtu huyo ama ni mwizi ama ni kipofu. Kapteni amekasirika na anasema siku ya kwenda Nairobi wakati wa Pasaka atasimama hapo amuulize Mama Abei mbele ya watu.

Wasalimie wote.

Mjomba wako,
Ekuru


Kakuma
27 Februari 1996

Akeno mpwa wangu,

Barua yako ya tarehe kumi na mbili nimeipata leo. Sanduku la posta la shirika hufunguliwa siku karani akikumbuka. Kwa hiyo umeshasoma yangu, na nimeshakuita mwizi na kipofu. Nimekaa na karatasi hii saa nzima nikitafuta namna ya kuyarudisha maneno yale. Hayarudi. Nisamehe.

Hujambo lakini? Unakula? Nyanya asikuone umekonda.

Sasa nisikilize, maana uliuliza swali zuri na fundi hupenda kuulizwa. Gari halikufa. Lingeendeshwa hivyo mpaka Nairobi, pistoni zingetoboka. Watu wanadhani supa ina nguvu kuliko regula. Si nguvu, ni uvumilivu. Ndani ya injini petroli na hewa hubanwa, hubanwa, halafu plagi hutoa cheche, ndipo iwake. Regula ikibanwa sana haingoji kuitwa, inawaka yenyewe, na hiyo ndiyo ile sauti ya kokoto. Supa hungoja. Namba ya oktani ndiyo kipimo cha kungoja huko. Didace anasema supa yetu ni tisini na tatu na regula themanini na tatu, na gari la Kapteni linataka isiyopungua tisini na mbili, kwa sababu linabana sana. Pikipiki ya padri haibani hivyo. Ukiipa supa unaitilia shanga shingoni, haitakwenda mbio zaidi.

Na jambo jingine. Nairobi ni juu, hewa yake ni nyepesi, injini haibanwi sana. Huku kwetu ni chini na ni jiko. Gari ambalo lingenyamaza Nairobi, huku litagonga. Kwa hiyo njia ipo, Akeno. Kapteni akipita hapa wakati wa Pasaka nitamwambia ni joto la Turkana, na haitakuwa uongo wote. Wewe nyamaza. Yatapita.

Distributa niliiwekea alama mbili kwa msumari siku ile. Alama ya nje ndipo ilipokuwa, ya ndani ndipo nilipoihamishia. Siku akipata supa airudishe kwenye ya nje, la sivyo gari litakuwa zito bila sababu.

Kuhusu chapa ya Abei, mambo ya chapa waachie wazee. Mvua bado hapa. Wingu lilikuja Jumatano likatutazama likaondoka.

Mjomba wako,
Ekuru


Kanamkemer, Lodwar
11 Machi 1996

Mjomba Ekuru,

Ejok. Barua zako zote mbili nimezipata. Ile ya kwanza niliisoma nimejificha nyuma ya mapipa. Usiombe msamaha, hukujua. Na kweli nilikuwa kipofu.

Matokeo yametoka. Nimepata C ya kujumlisha. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na maji akidhani nyumba inaungua. Nyanya aliuliza, "Hiyo C ni ngapi kwa mbuzi?" Tukamwambia ni wengi. Ameridhika.

Ningependa barua iishie hapo, Mjomba, lakini habari ya gari imefika Lodwar kabla ya Kapteni. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa Loki alisema hotelini kwamba supa ya Mama Abei imechanganywa na mafuta ya taa. Sasa kila anayekuja analeta pua yake. Jana mtu wa pikipiki alimwambia, "Mama, nipe nusu lita, na kiberiti, nipikie ugali hapo hapo." Watu wakacheka. Mama Abei hakucheka. Alifungua pipa la supa mbele yao, akatumbukiza kidole, akawapa wanuse, mmoja mmoja. Mwanamke aliyejenga kile kibanda kwa mikono yake, Mjomba, anawashikia watu kidole wanuse. Na mimi nimesimama pale na faneli mkononi.

Kwa hiyo hapana, usimwambie Kapteni ni joto. Joto haliwezi kumsafisha Mama Abei. Watasema joto na mafuta ya taa.

Lazima niseme mimi. Naogopa atanifukuza, na kazi hii naipenda. Naipenda harufu, naipenda hesabu ya bomba, na yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenipa ufunguo wa kitu. Lakini hilo silo linalonifunga mdomo. Nikisema nilikosea, ataniuliza nilikoseaje. Na jibu langu ni kwamba nilidhani chapa yake ni ya mumewe. Nilimuuliza Nyanya kwa kuzunguka, kana kwamba ni habari ya mtu wa mbali. Alisema, "Ng'ombe wa arusi asipochinjwa, mwanamke hubaki na chapa ya baba yake, hata akizaa, hata akizika." Nikauliza, na kwa nini ng'ombe asichinjwe? Akasema, "Muulize mjomba wako."

Nakuuliza, Mjomba. Nitawezaje kusimama mbele ya watu na kumwambia mjane kwamba kosa langu ni kumdhania ameolewa?

Wako,
Akeno


Kakuma
2 Aprili 1996

Akeno,

Salamu. Nimechelewa kwa sababu ya kazi. Malori manne yamelala na vipuri havijafika.

Hongera kwa matokeo. Nimewatangazia wote hapa gereji, na Didace amesema sasa atakuita profesa.

Umeamua kusema, na sitakuzuia. Lakini sema kosa tu, chapa usiitaje. Sema ulisahau. Mtu yeyote husahau. Kapteni anaondoka Loki Jumamosi tarehe sita asubuhi, kwa hiyo atakuwa Lodwar mchana. Nampa barua hii dereva wa shirika ili ikufikie mapema.

Kuhusu ulichouliza, Nyanya amezeeka, anachanganya mambo.

Mjomba wako,
Ekuru

Profesa, ni miye Didace. Mjomba wako amenipatia barua niifunge, nami naongeza hii. Hasemi kweli. Malori iko mbili tu. Yeye anakaa anaandika, anapasua, anaandika tena. Nimeokota karatasi saba chini ya benchi. Sikuzisoma. Lakini mutu anayepasua barua saba hana kazi nyingi, ana kitu ndani.


Kanamkemer, Lodwar
9 Aprili 1996

Mjomba Ekuru,

Ejok, na heri ya Pasaka ingawa imepita. Nyanya alivaa shati ulilomtumia juu ya shanga zake zote na amekataa kulivua. Mwambie Didace asante, na mwambie nimeyasikia.

Nitakuandikia yote kwa utaratibu.

Jumamosi saa saba gari lilikuja. Lilikuja taratibu, kweli kama ulivyosema, kama mzee aliyekula sana. Watu walikuwa wengi kwa sababu ya soko la Pasaka, na walipoliona wakasogea. Kapteni Jal alishuka, akavua miwani. Hakupiga kelele, na hilo likawa baya zaidi.

"Mama, shikamoo. Mwezi wa pili nilinunua supa hapa. Nikafika Kakuma na regula. Nataka kujua ilibadilika njiani au ilibadilika hapa."

Mama Abei alisimama mbele ya mapipa, amekunja mikono. "Hapa hakuna kitu kinachobadilika. Nusa."

"Sijaja kunusa, Mama. Kwetu Loki mafuta ya ndege yapo, mazuri kuliko yote, na ningeweza kuiba kidogo. Sikuiba kwa sababu si yangu. Nilikuja kununua kwa mtu niliyeambiwa ni mwaminifu."

Nyuma mtu akasema, "Mwaminifu wa mafuta ya taa!" Wakacheka.

Mjomba, nilikuwa nimejifundisha neno ulilonipa, la kwamba nilisahau. Nilisahau. Nilisahau. Nimelisema tangu asubuhi. Nikatoka nyuma ya dizeli. Nikasema, "Ni mimi." Kapteni akaniuliza, "Umesemaje, dada?" Nikasema kwa nguvu, pengine kwa nguvu mno, "Ni mimi niliyetia! Mama Abei hakuwepo. Supa yake ni safi. Nilitoa kwenye pipa la regula."

Mama Abei akanigeukia. Sijawahi kumwona ananitazama hivyo. "Nilikuambia supa ni ipi?"

"Uliniambia, Mama."

"Nilikuambiaje?"

"Uliniambia ni lenye chapa yako."

"Basi chapa yangu ni ipi?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema nilisahau. Neno lilikuwa tayari. Lakini nikaona kwamba nikilisema nitakuwa nimetia regula mara ya pili, safari hii kwa kujua. Sikuweza kusema kwa mdomo. Nikanyosha mkono nikaonyesha duara lenye mkia.

Wazee waliokuwepo wakatazama chini. Mmoja akakohoa. Mama Abei akatazama duara, akanitazama mimi, akatazama duara tena.

"Hiyo ni chapa ya Nangiro," akasema polepole.

"Ndiyo, Mama. Nilidhani ndiyo yako. Wewe si mke wake?"

Sikukusudia swali hilo, Mjomba. Lilitoka lenyewe, halikungoja kuitwa.

Mama Abei akavuta ncha ya leso yake akafuta uso wote, kama mtu anayefuta vumbi, akawageukia watu. "Mmesikia? Miaka kumi na sita mimi nauza hapa. Mnaniita mama, mnaniita mjane, lakini chapa yangu mnaijua nyote, na hakuna mmoja wenu aliyewahi kukosea. Huyu mtoto peke yake amekosea." Akacheka, na macho yake yalikuwa na maji. "Huyu peke yake amenihesabu mke wa Nangiro. Akeno! Unangoja nini? Mtilie Kapteni supa. Ile ya mistari. Wewe mwenyewe."

Nikamwuliza kama bado nina kazi. Akasema, "Umeona mtu mwingine ameshika faneli?"

Tulimwaga kwanza regula iliyobaki ndani ya tangi, ikaenda kwenye pikipiki ya padri. Halafu nikatia supa. Kapteni akawasha, likanguruma bila kugonga, lakini akasema bado ni zito. Nikamwambia, kwa sauti yangu ndogo ya kawaida mpaka ikabidi nirudie mara mbili, kwamba distributa ina alama mbili za msumari na inabidi irudishwe kwenye ya nje. Akaniangalia. Akatoa spana ya kumi akanipa. Nililegeza, nikasogeza mpaka alama ya nje, nikakaza. Mjomba, ungeisikia! Hata yule wa kiberiti alipiga makofi. Kapteni akamwomba Mama Abei radhi mbele ya wote, akaondoka, na vumbi lake likafika darajani kabla hatujafunga midomo.

Jana Mama Abei alinipa kopo la rangi. Alisema tubadilishe: kuanzia sasa duara ndiyo supa, na mistari ya baba yake ndiyo regula. Kisha nikaandika pia kwa herufi kubwa, SUPA na REGULA, kwa ajili ya watakaokuja bila kujua chapa za watu.

Sijamwuliza kwa nini ng'ombe hakuchinjwa. Nakuuliza wewe tu.

Akeno


Kakuma
22 Aprili 1996

Mpwa wangu Akeno,

Ejok. Mvua imenyesha Kakuma siku mbili, lagga, ule mto mkavu, imejaa, na mbuzi wanatembea kama wenye mali. Natumaini na kwenu imefika.

Nilisoma barua yako nimesimama. Nilipofika kwenye maneno ya Abei kuhusu miaka kumi na sita, nilitoka nje nikakaa chini ya lori. Didace akaja akakaa karibu, kwa mara ya kwanza bila tusi lolote.

Hii ni karatasi ya nane. Sitaipasua.

Nangiro alikuwa rafiki yangu mkubwa. Mwaka wa themanini alikuwa amemaliza karibu mahari yote ya Abei, amebakisha ng'ombe wa arusi. Alikuwa dume wa rangi ya majivu, yuko kwa jamaa zake Kalobeyei. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Akanituma nimlete Lodwar kwa miguu, akasema, wewe tu ndiye ninayekuamini.

Siku ya pili nilikuta lori limeharibika kando ya barabara. Fundi alikuwa amefungua injini yote, ameipanga vipande vipande juu ya turubai. Akeno, sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Nikachuchumaa. Nikauliza hiki ni nini na kile ni nini, naye akanijibu, akanipa hata nishike plagi. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limezunguka upande wa pili, na dume hayupo. Nilitafuta siku tatu. Ukame ulikuwa mkali na watu walikuwa na njaa. Hata pembe sikuiona.

Nikarudi nikasema wevi wa mifugo wameniteka. Kila mtu aliamini, maana siku zile walikuwa wakiteka. Nangiro alinishika bega akashukuru kwamba mimi ni mzima. Ukame ukamaliza ng'ombe wake waliobaki, asipate mwingine wa kuchinja. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akafariki, na Abei akabaki na chapa ya baba yake.

Ufundi wangu wote ulianza siku ile. Kila injini niliyofungua, nimefungua juu ya turubai lile. Na ulipokosea chapa, kosa lako lilianzia kwangu, kabla wewe hujaanza shule. Halafu nikakuambia unyamaze.

Nitakuja mwezi wa tano. Nitamwambia Abei mwenyewe, na nitakuja na dume, akimkubali. Mpaka hapo, Akeno, niwekee jambo hili. Nataka alisikie kutoka mdomoni mwangu, si kutoka kwa dereva wa lori.

Mjomba wako,
Ekuru


Kanamkemer, Lodwar
3 Mei 1996

Mjomba Ekuru,

Ejok. Mvua imefika na kwetu, na kibanda chetu kinavuja juu ya regula tu. Mama anakusalimu. Nyanya amekubali kulivua lile shati lifuliwe, baada ya wiki tatu, na alikaa kando ya kamba mpaka likakauka. Mama Abei ameanza kunifundisha kuagiza mafuta, na mapipa ya mwezi huu nimeyahesabu mimi.

Barua yako niliisoma mara tatu, na sasa iko ndani ya kitabu changu cha kemia, ukurasa ambao hakuna mtu nyumbani anayeuelewa. Sikukasirika. Nilifikiri tu habari ya kijana aliyechuchumaa mbele ya injini, nikamwona vizuri sana, kwa sababu nami ningechuchumaa.

Siri yangu huna haja ya kuitunza tena, Lodwar yote inaijua na mtu wa pikipiki ananiita Supa. Lakini lipo jambo lazima nikuambie.

Jana tulikuwa tunaosha faneli. Mama Abei akaniuliza, bila kunitazama, "Mjomba wako anakuja lini?" Nikasema mwezi huu. Akasugua kidogo. Akasema, "Nitachinja mbuzi. Alikuwa kijana mzuri. Alirudi kutoka Kalobeyei akatuambia wevi wamemteka." Akasugua tena. "Wevi waliochukua ng'ombe mmoja, wakamwachia viatu vyake, na shuka, na mkuki. Na mikono yake, Akeno, ilikuwa imejaa grisi mpaka viwikoni."

Nilidondosha faneli. Akacheka mpaka akakaa chini, akakaa kwenye kigoda cha Nangiro, Mjomba, kile ambacho hakuna anayekikalia. Akasema Nangiro pia aliiona grisi ile. Walikubaliana wasikuulize mpaka utakapolisema mwenyewe, na yeye bado anangoja. Kisha akanishika mkono akanikataza kabisa nisikuambie.

Nimekuambia, kwa sababu sitaki uje njia yote hiyo umebeba woga pamoja na ng'ombe. Basi ukifika, mwambie kama mtu ambaye anasema jambo lisilojulikana. Yeye atashtuka vizuri, najua ameshaanza kujizoeza. Nawe usicheke, na usitazame mikono yako. Na barua hii, tafadhali, usimwonyeshe mtu, hata Didace.

Mpwa wako,
Akeno